Kamba Ikikatika, Mpira Unakwenda Bondeni

Mwezi uliopita nilipanda kijijini kumpelekea mjomba redio yake. Nilikuwa nimeshaitengeneza siku nyingi, imekaa tu dukani kwangu pale Soni inakusanya vumbi, na mjomba kila akishuka siku ya soko ananipitia kulalamika kwamba taarifa ya habari anaisikilizia kwa jirani, tena kupitia ukutani. Basi nikadandia lori lililokuwa linafuata kabichi, nikakaa mbele na dereva, redio mapajani.

Kufika kwenye kona ya shule nikamwambia dereva simama. Nilidhani tumepotea njia. Kumbe uwanja wameuchonga. Greda limepita, ule mteremko wetu wote umelala chali, tambarare kama meza, na upande wa chini wamejenga ukuta wa mawe. Watoto wanapiga mpira. Mpira wa ngozi, hauna kamba! Unakwenda huku, unarudi huku, hakuna anayeogopa kitu. Ilitakiwa nifurahi. Badala yake nikashikwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto, dereva akaniuliza, "Dada, umeona nini?" Nikamwambia twende zetu. Sasa ngoja nikueleze wewe kile nilichoshindwa kumweleza dereva.

Sisi ni watu wa mteremko. Mtu wa bondeni hawezi kuelewa. Kwetu kiazi kikidondoka kwenye tenga hukifuati, unakiombea kifike salama. Nyumba yenyewe mlango wa mbele uko chini ya dirisha la nyuma la jirani. Asubuhi ukungu unajaa kila mahali, husikii kitu ila jembe la mtu kwenye matuta na moshi wa kuni za mwati unakuingia puani, halafu jua likichomoza unaona bonde lote limefunuka chini ya miguu yako, kule chini kabisa kijito kinang'aa. Ndiko mipira yetu yote ilikoishia. Unapiga mara moja tu, mpira unapita shamba la mahindi, unapita migomba, unapita miwati, huyoo! Kuufuata ni nusu ya asubuhi, na kurudi ndiyo usiseme.

Kwa hiyo tukafunga kamba. Mpira wetu ulikuwa wa matambara na makaratasi, tumeukaza kwa nyuzi za mkonge alizosokota bibi, na kutoka hapo inatoka kamba ndefu. Mmoja anasimama katikati, anauzungusha chini chini, wengine tumemzunguka tunauruka. Ukikugusa mguu, unaingia katikati wewe. Na sheria moja haikuwa na mjadala, mkubwa wala mdogo. Kamba ikikukatikia mkononi, wewe ndiye unayeshuka kuufuata. Hapo wote tunapiga kelele kwa pamoja: "Fuata!" Bibi akipita na mzigo wake wa majani ya ng'ombe anatuangalia, anatikisa kichwa. "Nyie watoto mmeufunga mpira kama mbuzi," anasema. "Mnamlisha nini?"

Tulicheza hivyo shule ya msingi, tukacheza hivyo sekondari, na ndevu zimeshaanza kuwaota wavulana.

Sekondari yenyewe waliijenga wazee wetu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vimefunguliwa. Sabuni za rangi madukani, mitumba imetandazwa chini Soni kama maharage ya kuanika, kila kijana anataka redio ya kaseti. Malori yanapanda kutoka Dar es Salaam kufuata karoti za Kwai na kabichi zetu, na aliyekuwa na akili za haraka alikuwa ameshajifanya mfanyabiashara. Mwalimu wetu wa kwanza wa fizikia alishuka na lori moja akasema anakwenda kuwaona wazazi. Tukaja kusikia ana meza ya nyanya sokoni mjini, na anafanya vizuri. Sikumlaumu. Kwetu alikuwa anakula makande bila chumvi.

Wazee wa kamati wakatutafutia mwingine, kijana aliyemaliza Kidato cha Sita, mtoto wa huko chini kwenye mashamba ya mkonge. Hakuwa na cheti cha ualimu. Alikuwa na begi moja na baridi. Jamani, yule mtu alisikia baridi! Alivaa makoti mawili ya mtumba, moja juu ya lingine, na la juu lilikuwa la kike, lina vifungo vikubwa kama visosi. Siku ya kwanza tukacheka mpaka tukakaa chini. Akatuangalia, akasema, "Baridi haijui kama koti ni la mama au la baba," akaendelea kuandika ubaoni. Wakampa chumba nyuma ya jiko la shule, ambako mama mpishi alikuwa anamwachia makaa kwenye kopo.

Wakati wa mapumziko akatoka akatukuta tunaruka mpira. Akasimama muda mrefu. Halafu akaomba aingie katikati. Akazungusha kwa nguvu za mtu mwenye baridi, kamba ikakatika, mpira ukaenda zake. Na sisi midomo ilishazoea. "Fuata!" Darasa zima. Tukamfokea mwalimu! Tulipogundua tukaganda, kila mtu anangoja fimbo. Yule bwana akavua makoti yote mawili, akampa mama mpishi, akashuka. Alirudi suruali imejaa mashona nguo mpaka magotini, mpira mkononi, anahema, anacheka peke yake. Kuanzia siku hiyo alikuwa wetu. Mtu angemgusa angetukuta.

Sasa sikiliza alivyotufundisha. Maabara hatukuwa nayo, kulikuwa na kabati lenye chupa mbili na buibui. Akasema maabara ni ile kamba. Akamsimamisha mmoja wetu azungushe mpira, akauliza, "Kamba inakuvuta wewe, au wewe ndiye unayeivuta?" Ubishi ukaanza pale, mimi mbele kama kawaida yangu, maana nilikuwa siwezi kuona ubishi ukapita bila mimi. Nikasema inanivuta mimi, kidole kinaniuma. Binti wa mjomba, ambaye tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, akasema polepole, "Vyote viwili." Kwa kutwa nzima yule mtoto alikuwa anasema maneno mawili, na yote mawili sahihi. Wavulana wakimcheka kwa upole wake, wanapambana na mimi. Nimeng'ata mtu kwa ajili ya yule.

Mwalimu akaomba nati kuukuu kwa fundi wa malori. Akachukua mrija wa kalamu iliyokwisha wino, akapitisha uzi, juu akafunga kimpira, chini akaning'iniza nati. Unashika mrija, unazungusha kimpira juu ya kichwa, na nati zinaning'inia hewani kama uchawi. Ongeza nati, inabidi uzungushe haraka zaidi. Nati zikiwa mara nne ya mwanzo, kasi inakuwa mara mbili. Tulilisikia hilo vidoleni kwanza, halafu ndipo akatuonyesha ubaoni kwamba kidole hakikudanganya. Tukatatua maswali yote yaliyokuwa kwenye kitabu chake kimoja, tukamaliza, akaanza kututungia. Uzito wa mpira tuliupima kwa mizani ya kabichi ya mjomba. Binti wa mjomba alikuwa anazungusha kwanza, macho kafumba, halafu anaandika. Akikosa anarudi kuzungusha.

"Mpira unataka kwenda zake," mwalimu alikuwa anasema. "Kamba ndiyo inayourudisha, kila dakika."

Unataka kwenda wapi? Hakuna aliyeuliza. Sote tulikuwa tunajua unakotaka kwenda.

Basi ukaja mtihani wa moko wa Kidato cha Nne, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa. Na ndani yake, kama tumetumiwa zawadi, swali la mpira na kamba! Sehemu ya kwanza hesabu. Urefu wa kamba huu, uzito huu, kasi hii, tafuta nguvu ya kamba. Nilimsikia binti wa mjomba anavuta pumzi ya furaha. Sehemu ya pili: ikiwa kamba itakatika, mpira utaelekea wapi? Eleza.

Kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga tukaandika kwamba utakwenda bondeni. Darasa zima, na hakuna aliyeinua shingo kumchungulia mwenzake, kwani mtu huchungulii kitu unachokijua tangu unatambaa. Wengine wakaeleza vizuri zaidi, kwamba utapita kwanza kwenye mahindi. Kuna mmoja aliandika kwamba aliyeshika kamba atalazimika kuufuata.

Wiki zikapita. Siku moja likaja gari, wakashuka wawili. Mmoja mzee mwenye miwani, mmoja kijana mwenye tai, wamebeba karatasi zetu. Mkuu wa shule akatuita darasani, uso wake umesawijika. Kumbe wasahihishaji walikuwa wameona kosa lilelile, sentensi ileile, karatasi baada ya karatasi, wakasema shule hii imeiba. Fizikia yetu ikafutwa yote. Na kama ikithibitika tumeibiana, hakuna atakayekaa mtihani wa taifa wa fizikia. Bila fizikia, binti wa mjomba asingeenda Kidato cha Tano cha sayansi, na wala asingekwenda popote, maana mjomba alishasema wazi kwamba ama masomo ama karoti. Mwalimu alisimama karibu na dirisha, ndani ya makoti yake.

Mzee akanyanyua karatasi. "Huyu bondeni. Huyu bondeni. Yule aliyekaa kona ya mwisho, bondeni. Mliambizana?"

Nikasimama. "Shikamoo mzee. Hatukuambizana. Ndiko unakokwenda."

"Nani amekuruhusu kusema?"

"Hakuna mzee, lakini nimeshasema."

Wenzangu wakacheka chinichini. Mkuu wa shule akanikata jicho ambalo kwa kawaida lingenikalisha. Siku hiyo halikunikalisha. "Kama hamtuamini, njooni uwanjani mzungushe wenyewe!"

"Binti, kaa!" mkuu akafoka.

Yule kijana mwenye tai akasema, "Mzee, twende tukaone tu. Injini yenyewe bado ya moto, acha ipoe kwanza."

Tukatoka. Shule nzima ikatoka, mpaka mama mpishi akaja na mwiko wake. Kijana akakabidhiwa kamba, akaikunja tai yake akaisukumia ndani ya shati, akaanza kuzungusha. Alizungusha vizuri, nisimseme vibaya. Lakini kamba ya mkonge haitaki mkono wa ofisini, ikamchoma, akaiachia. Mpira ukaruka upande wa juu, ukagonga bati la jiko, pa! Ukarudi, ukakatiza uwanja, ukapita mlingoti wa bendera, ukafika ukingoni, ukawa kama unafikiri. Halafu ukashuka.

"FUATA!"

Shule nzima, nakwambia. Hata mama mpishi. Kijana akageuka huku na huku. "Wananiambia nini hawa?"

Mkuu wa shule aliinamisha kichwa. "Wanasema... ukaufuate, bwana mkubwa."

Yule kijana alicheka mpaka akashika mlingoti. "Mzee," akasema, "hawa hawakuibiana. Hawa ni wakazi wa hapa!"

Mzee hakucheka, lakini alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaangalia bondeni kwa muda mrefu. Sisi tukasema hapo tumeshinda. Kijana hawezi kushuka na viatu vile, basi mimi na binti wa mjomba tukasema tunakwenda kwa niaba yake, na nyuma yetu darasa zima likamwagika. Hakuna aliyebaki. Mbio mpaka chini, tunateleza kwa makalio, tunapiga mayowe. Kijitoni tukanawa nyuso, wavulana wakapanda mplamsi wa mtu wakatujazia mapaja plamsi, mbichi hivyohivyo, kali mpaka macho yanafumba. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Binti wa mjomba peke yake alikuwa hajachangamka. Kashika mpira uliolowa, ananiambia, "Lakini uliondoka kwenda jikoni. Umeona? Ulipomtoka mkononi haukwenda bondeni. Ulikwenda jikoni kwanza."

"Achana nao," nikamwambia. "Tumeshinda!"

Tukapanda tunaimba, zile nyimbo za kwenda kwenye mechi, tunabadilisha maneno tunawatia humo watahini. Tulipotokea uwanjani gari lilikuwa limeshaondoka. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi. Akatupigia makofi. Akafuatisha wimbo kwa makofi mpaka tukamaliza beti zote, anatabasamu, na sisi tukazidi kujitutumua.

Jioni ile mama mpishi ndiye aliyetuambia, anakoroga makande, bila kutuangalia usoni. Jiko na ofisi vinatenganishwa na mabanzi tu, alisikia yote. Mzee alisema hivi: anatuamini. Lakini taarifa ya wizi imeshafika juu, na yeye hawezi kupeleka barua kwamba milima ndiyo yenye makosa. Ama watoto waliibiana, ama walipewa jibu. Mwalimu akauliza, "Na kama walipewa?" Mzee akasema, basi kosa si lao, watakaa mtihani. Mwalimu akaomba kalamu. Kijana mwenye tai akamwambia, "Mwalimu, usifanye hivyo." Akaandika. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyetukaririsha ile sentensi, na kwamba alikuwa anaamini hivyo mwenyewe, kuwa kamba ikikatika mpira unakwenda bondeni. Yeye! Mtu aliyekuwa anaijua fizikia kama sisi tunavyoijua njia ya kisimani, akajiandika mjinga na mdanganyifu kwa pamoja. Na sisi wakati huo tuko chini tunakula plamsi.

Nilimtukana mkuu wa shule. Nilitukana mpaka bibi akaletewa habari. Haikusaidia kitu.

Asubuhi mwalimu alikuwa barabarani na begi lake anangoja lori, ukungu mzito, makoti mawili. Tulikwenda darasa zima. Binti wa mjomba ndiye aliyesema. "Mwalimu, sasa jibu ni lipi?"

Akachuchumaa. Akachora duara kwenye udongo kwa kijiti, halafu mstari ulionyooka, unaligusa duara ukingoni na kwenda zake. "Pale pale kamba inapokatika, mpira haujui habari ya bondeni," akasema. "Unajua tu ulikuwa unaelekea wapi, basi unanyoosha hivyohivyo. Mambo ya bondeni yanakuja baadaye." Akausogeza ule mstari kwa kijiti, akaurefusha kidogo. "Ningewauliza hili tangu mwanzo. Na mimi nilikuwa nimeshazoea huku kwenu."

Lori likaja, akapanda juu ya kabichi. Alituvulia kofia, kofia hakuwa nayo, alifanya mkono tu.

Mtihani wa taifa tulikaa. Binti wa mjomba alifaulu vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kutoka shule ile, akaenda Kidato cha Tano, akaendelea, sasa yuko mbali anapima damu za watu hospitalini, na ukikutana naye bado anasema maneno mawili. Mimi sikuchaguliwa. Nikashuka Soni, nikaanza kufungua redio zilizokufa ili nione zilikufa kwa nini, na kidogo kidogo nikapata mkate wangu. Watu sokoni husema yule dada hakufundishwa na mtu, amejifundisha mwenyewe. Wanasema kwa kunisifu, na mimi nagombana nao. Nimemuulizia yule mtu kwa kila dereva ninayemjua. Mmoja aliniambia alimwona Korogwe, mwingine akasema alikwenda kuchimba mawe ya vito huko Umba. Mama mpishi alikufa bila kusikia habari zake. Jiko lenyewe lilishabomolewa, na ukiwauliza walimu waliopo sasa wanasema, ah, yule aliyegawa majibu. Na sasa uwanja nao wameuchonga, hata nikitaka kumwonyesha mtu mpira ulikokuwa unakwenda, sina tena pa kumwonyeshea.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Siku ile ya watahini mdomo wangu ulikuwepo, sentensi ndiyo haikuwepo. Ilinijia majuma kadhaa baadaye, niko kwa bibi nasugua masufuria kwa majivu. Swali lilikuwa na sehemu mbili! Ile ya kwanza, ya hesabu, tuliipata. Karibu darasa zima tuliipata, kila mtu kwa njia yake ya kuzungukazunguka, kwenye karatasi zilezile alizokuwa nazo mzee mkononi. Sasa kama mwalimu alikuwa mjinga wa kutupa lile jibu bovu, yale mazuri tulipewa na nani? Maneno hayo tu. Mzee mwenyewe alikuwa anatafuta pa kushika, nilimwona anavyofuta miwani. Ningebaki uwanjani ningeweza kumpa.

Nikamwambia bibi palepale, nimesimama, majivu mpaka kwenye viwiko, nafoka kama vile bibi ndiye aliyekuja na gari. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia kwa Kishambaa, taratibu, kwamba ni maneno mazuri sana, mjukuu wangu, hata yeye angeyakubali, ila wenyewe wameshaondoka.